Gemu kwenye laptopu ya grafiksi za ndani: anza na bomba, vivuli baadaye

Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo, kuanzia Aggrey hadi Msimbazi, zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi. HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, Lenovo ThinkPad T470: mashine ngumu, kibodi safi, ila nyingi hazina kadi ya grafiksi inayojitegemea. Kinachochora gemu ni sehemu ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Kizazi cha 6 cha Intel huwa na HD 520, cha 7 HD 620, cha 8 UHD 620.

Muuzaji akikwambia "hii ina grafiksi GB 4", usibishane naye. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia "Performance", shuka hadi "GPU". Ukikuta GB 4 zimeandikwa kwenye "Shared GPU memory", ujue hizo ni nusu ya RAM yako ya GB 8, ambayo Windows imeruhusu itumike kuchorea ikihitajika. Hakuna kilichoongezwa kwenye mashine. Namba hiyo hiyo utaiona kwenye laptopu ya mwenzako yenye RAM ya GB 8, hata kama hajawahi kucheza gemu maishani.

Ili mipangilio isikuchanganye, fikiria nyumba ya kupanga ya Uswahilini: bomba moja uani, mita moja ya LUKU. Prosesa na grafiksi ni wapangaji wawili wa nyumba hiyo. Bomba ndiyo njia ya kwenda kwenye RAM. Kadi inayojitegemea ina kisima chake, lakini hizi za ndani zinapanga foleni na prosesa kila zinapotaka kuchota. Mita ndiyo wati: i5-6300U imepangiwa wati 15, na hizo ni za wapangaji wote wawili. Karibu kila utakachozima kwenye menyu ya gemu unakizima ili ndoo zipungue au uniti zisiishe mapema.

Kabla ya kufungua menyu ya gemu

Laptopu yenye GB 8 kwenye kipande kimoja cha RAM inatumia nusu ya bomba. Kipande kimoja cha RAM ya aina ya DDR4, kasi ya 2133, hupitisha takriban GB 17 kwa sekunde. Vipande viwili vikishirikiana hupitisha GB 34. Kwa kizazi cha 4 na cha 5 chenye DDR3L ya 1600, ni GB 12.8 kwa kimoja na 25.6 kwa viwili. Hakuna kitufe kwenye gemu yoyote kitakachokupa nyongeza ya namna hiyo, kwa hiyo kama una hela ya kununua kitu kimoja tu, kiwe hiki.

Kwenye dirisha lile lile la "Performance", bonyeza "Memory" utazame palipoandikwa "Slots used". Ikisema 1 of 2, una nafasi. EliteBook 840 G3 ina sloti mbili. ThinkPad X270 ina moja tu, na X1 Carbon RAM yake imechomelewa kwenye bodi, hapo hakuna cha kuongeza. Ukienda dukani, taja aina kamili: DDR4 ya laptopu, au DDR3L ya laptopu. Haziingiliani, pengo la katikati limekaa mahali tofauti, na anayelazimisha huvunja sloti. Vipande vyenye ukubwa sawa ni bora, 4 na 4 au 8 na 8. Ukichanganya 8 na 4 bado utapata faida: GB 4 za kila upande zitakwenda pamoja, zitakazobaki zitapita njia moja. Usilipe zaidi kwa kipande cha 2666 kama bodi yako mwisho wake ni 2133. Kitashuka hadi 2133 na hela yako imekwenda.

Kufunga ni kazi ya dakika kumi. Zima laptopu kabisa, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, kisha chomoa waya wa betri kwenye bodi kabla hujagusa kitu kingine. Ingiza kipande kikiwa kimeinama kidogo hadi meno ya dhahabu yakaribie kupotea yote, halafu kikandamize chini hadi vibanio viwili vya pembeni vilie. Ukiwasha skrini ikabaki nyeusi, subiri dakika moja au mbili, maana baadhi ya mashine hujipima upya zikiona RAM mpya. Isipowaka, zima, chomoa, rudishia; mara nyingi kipande hakikuingia hadi mwisho. Windows ikiwaka, fungua programu ya bure ya CPU-Z, ukurasa wa "Memory", uone kama sehemu ya "Channel" imeandika Dual.

Kinachofuata ni draiva, programu inayoiwezesha Windows kuongea na grafiksi. Fundi akishapiga Windows mpya bila kuweka draiva ya grafiksi, mashine hutumia draiva ya dharura inayoitwa "Microsoft Basic Display Adapter". Ukiona jina hilo kwenye "Device Manager", usihangaike na mpangilio wowote wa gemu: kazi yote ya kuchora inafanywa na prosesa. Chukua draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu, au kwa Intel moja kwa moja. Faili hilo ni mamia ya MB, hivyo lipakue kwa bando la usiku. Kifungashio cha Intel kikikataa kwa madai kwamba mashine inataka draiva ya mtengenezaji, pakua toleo la zip, lifungue, kisha uliingize kwa mkono kupitia "Update driver" na "Have Disk". Tangu mwaka 2022 Intel iliziweka grafiksi za kizazi cha 6 hadi cha 10 kwenye matunzo ya kawaida tu, bila marekebisho mapya kwa ajili ya gemu mpya. Ndiyo maana kusaka draiva mpya kila mwezi ni kupoteza bando. Weka moja iliyotulia uiache.

Chaja nayo huonewa huruma isiyostahili. Latitude isipoitambua chaja, hutoa onyo ikiwaka kisha hushusha kasi ya prosesa kwa makusudi. Gemu itatambaa hata ukiweka kila kitu chini kabisa. Fungua "Performance", bonyeza "CPU", acha gemu iendelee nyuma. Kasi ikisoma GHz 0.8 au chini ya hapo wakati gemu inahitaji nguvu, mshuku mwenye chaja kabla ya kumshuku mwenye Windows. Umeme ukikatika ukaingia kwenye betri, kasi itashuka pia, na hiyo ni kawaida. Usipime chochote ukiwa kwenye betri.

Joto la Dar na wati 15

Kuanzia Desemba hadi Machi, chumba cha Sinza au Mbagala mchana huvuka nyuzi 30 bila shida. Laptopu inavuta hewa hiyo hiyo ya moto ili ijipoze, ikiwa na feni iliyojaa vumbi la miaka minane na pesti iliyokauka, ile inayopitisha joto la prosesa hadi kwenye chuma cha kupozea. Prosesa hizi za Intel hujilinda zikifika nyuzi 100 hivi: zinapunguza kasi zenyewe. Dalili yake haifanani na dalili ya grafiksi dhaifu. Gemu inakwenda vizuri dakika tano hadi kumi, halafu inaanza kustaki, yaani kukwamakwama, unaipumzisha, inarudi vizuri, kisha inastaki tena.

HWiNFO, nayo ni ya bure, itakuonyesha nyuzi joto na mstari wa "Thermal Throttling". Mstari huo ukionyesha Yes wakati wa gemu, fungua mashine. Toa vumbi kwenye mapezi ya kupozea, na unapopuliza shika feni kwa kidole isizunguke, kwani kuizungusha kwa upepo mkali huweza kuiharibu. Futa pesti ya zamani kwa pamba na spiriti ya isopropili, weka mpya ukubwa wa punje ya choroko, rudishia skrubu kwa zamu za mkingamo, kidogo kidogo. Ukimpa fundi, simama uone pesti inabadilishwa kweli. Wengine hupuliza tu vumbi la juu. Halafu inua nyuma ya laptopu sentimita mbili au tatu kwa vizibo vinne vya soda. Ukichezea kitandani, umeziba pua yake kwa godoro.

Kuna hila moja inayowashangaza wengi: kumnyima prosesa ili grafiksi ishibe. Wati 15 zikigawanywa, prosesa hupenda kurukia kasi yake ya juu na kumbakizia mwenzake makombo. Ukiizuia isiruke, grafiksi hupata nafasi ya kushika kasi yake. Fungua "Command Prompt" kama msimamizi, andika mistari hii miwili:

powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99

powercfg /setactive scheme_current

Asilimia 99 inatosha kuzima turbo, yaani ile kasi ya kurukia. Kwa i5-6300U hiyo ni kushuka kutoka GHz 3.0 hadi 2.4, hasara ndogo kwa gemu inayolemea grafiksi, na joto hupungua waziwazi. Kwa i5-8250U ni habari nyingine: kasi yake ya msingi ni GHz 1.6 tu dhidi ya 3.4 za turbo, na gemu zinazotegemea prosesa zitaumia. Jaribu, pima, na ikiwa imeharibika rudisha 100 kwa mistari hiyo hiyo.

Pima ujue nani analemewa

Macho hudanganya. Weka kipimo cha fremu, yaani picha zinazochorwa, kwa sekunde: Steam inacho chake kwenye mipangilio, na Windows ina kile cha Game Bar, unabonyeza kitufe cha Windows na G. Chagua sehemu moja nzito ndani ya gemu, mathalani kona ya barabara yenye watu na magari, kaa pale sekunde 60, andika namba ya kawaida na namba ya chini kabisa uliyoiona. Ya chini ndiyo inayouma. Gemu inayokwenda 45 na kudondokea 14 kila ukigeuka inachosha kuliko inayokaa 30 muda wote.

Sasa fanya jaribio moja kabla ya yote. Shusha resolusheni, yaani idadi ya pikseli, hadi 800 kwa 600, urudi kwenye kona ile ile. Fremu zikipanda sana, grafiksi ndiyo iliyolemewa, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata ni yako. Fremu zisipobadilika, tatizo ni prosesa, joto, au diski. Kushusha vivuli na maji hakutakusaidia, utabaki na gemu mbaya ya macho yenye kasi ile ile. Watu wengi huruka hatua hii kisha wanaharibu picha bure.

Na tusichanganye mambo mawili yanayoitwa kulegi kwa jina moja. Ukicheza mtandaoni mchezaji akiruka kutoka hapa hadi pale huku fremu zako zimetulia, hiyo ni intaneti, na hakuna mpangilio wa grafiksi unaoitibu.

Ndani ya menyu

Anza chini kabisa: kila kitu "Low" au "Off", resolusheni 1280 kwa 720, kisha uongeze kimoja kimoja ukipima. Njia ya kuanzia juu na kushuka inakupotezea muda kwa sababu mambo matano yanakuwa yanakulemea kwa pamoja na hujui lipi limepona.

Resolusheni ndiyo mama yao. 1920 kwa 1080 ni pikseli 2,073,600 kila fremu. 1600 kwa 900 ni 1,440,000. 1280 kwa 720 ni 921,600, chini ya nusu ya ile ya kwanza. 960 kwa 540 ni robo yake kamili. Kila pikseli inachotewa maji, na mara nyingi zaidi ya ndoo moja. Kama skrini yako ni ya 1366 kwa 768, kushuka hadi 720 hakukupi nafuu kubwa na kunaleta ukungu, kwa kuwa pikseli za gemu hazikai sawasawa juu ya pikseli za kioo. Hapo ni afadhali ubaki 1366 kwa 768 na utumie kipimo cha ndani cha gemu, ambacho kwenye menyu huandikwa "Render Scale" au "Resolution Scale". Kiweke 75 au 80. Faida yake ni kwamba dunia ya gemu inachorwa kwa pikseli chache, huku maandishi, ramani na alama za risasi zikibaki makali. Ukikuta kipimo hiki kwenye gemu, kitumie badala ya resolusheni ya kawaida, karibu mara zote.

FSR ya AMD, iliyotoka 2021, huchora gemu kwa pikseli chache kisha huikuza picha ijaze skrini, na inafanya kazi hata kwenye Intel. Toleo la 1 ni jepesi na linafaa. Toleo la 2 na kuendelea lina kazi yake nzito ya kufanya kila fremu, na kwenye HD 520 nafuu yote inaweza kuliwa na kazi hiyo. Tazama pia unaanzia wapi: ukiwa kwenye 720 ukachagua "Performance", gemu inachorwa kwa 640 kwa 360. Nyuso za watu zinakuwa uji. Chagua "Quality", ambayo huanzia 853 kwa 480, au achana nayo.

Baada ya hapo zima kulainisha kingo, yaani "Anti-aliasing", hasa ile ya MSAA. MSAA ya 4x inahifadhi sampuli nne kwa kila pikseli, na sampuli hizo zote zinapita bombani. Kadi kubwa haisikii, ya ndani inapiga magoti. FXAA ni nafuu sana, unaweza kuiacha kama kingo za msumeno zinakukera. TAA ni ya katikati, lakini kwenye resolusheni ndogo hugeuza kila kitu kuwa ukungu.

Vivuli ni vya tatu, na vinakula pande zote mbili. Ili kuchora kivuli, gemu huangalia dunia upya kutoka upande wa taa au jua, kwa hiyo prosesa inapanga vitu mara ya pili na grafiksi inachora mara ya pili. Weka "Low". Kuvizima kabisa kuna hasara kwenye gemu za risasi: kivuli cha adui kinachotangulia kwenye kona ni taarifa ya bure.

"Ambient Occlusion", mwanga wenye ukungu unaoandikwa "Volumetric", na vioo vya maji na sakafu vinavyoandikwa "Reflections": zima vyote bila kufikiri. "Motion Blur", "Depth of Field" na "Bloom" vizime pia. Kwanza vinakula, pili kwenye skrini ndogo vinakuzuia kuona. Majani na nyasi weka chini kabisa. Kila jani ni pikseli iliyochorwa juu ya pikseli nyingine, na ukiingia porini unaona fremu zinavyoporomoka.

Michoro ya nyuso za vitu, "Textures", ndiyo inayoonewa bure. Watu huishusha kwanza, wakati kazi yake kubwa ni kujaza kumbukumbu. Ikienea, kasi haiguswi sana. Ikizidi, gemu inaanza kukwama kila ukiingia mtaa mpya, kwa sababu vitu vinatolewa na kuingizwa kwenye diski. Ukiwa na RAM ya GB 16, jaribu "Medium". Ukiwa na GB 8 huku Chrome imefunguka nyuma, "Low", na ufunge Chrome. "Anisotropic Filtering" iweke 2x au 4x. Bila hiyo barabara inaonekana kama imemwagiwa maziwa hatua tatu mbele, na 16x kwenye bomba hili si busara.

Vilivyobaki ni vya prosesa: umbali wa kuona, idadi ya watu na magari, fizikia. Kama jaribio la 800 kwa 600 lilionyesha kwamba prosesa ndiyo inayolemewa, hapa ndipo pa kukata.

Kufunga kasi

Ukishapata namba, ifunge. Gemu ikiachwa huru itachora fremu 70 ukiangalia ukuta na 28 ukiangalia mji, na kila fremu ya ziada ukutani ni joto utakalolipia mjini. Skrini nyingi za laptopu hizi ni Hz 60, yaani hubadili picha mara 60 kwa sekunde, hivyo 60 au 30 ndizo zinazogawanyika sawa. 30 ina maana kila fremu inakaa milisekunde 33.3, yaani mizunguko miwili kamili ya skrini. 40 inavutia kwenye karatasi, ila fremu moja itakaa mzunguko mmoja na nyingine miwili, na macho yanaona kama gemu inachechemea. Kama huwezi kushika 50 na zaidi muda mwingi, kubali 30.

"V-Sync", inayozilazimisha fremu zifuate mizunguko ya skrini, pekee si kifungo kizuri. Kwenye gemu nyingi, ukikosa 60 hata kidogo, inakurusha hadi 30, halafu inakurudisha 60, na hiyo ndiyo mikwaruzo unayoisikia mkononi. Tumia kifungo cha gemu yenyewe kama kipo. Kisipokuwepo, RivaTuner Statistics Server inakuja na MSI Afterburner na inafanya kazi hata kwenye grafiksi za Intel. Andika 30 kwenye "Framerate limit". Kwa gemu za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu, kaa na kifungo cha ndani tu.

Gemu chache kwa majina

GTA V kwa kompyuta ilitoka Aprili 2015, na tangu Machi 2025 iko ya matoleo mawili. Unayoitaka ni Legacy; Enhanced inahitaji kadi ambayo huna. Weka 1280 kwa 720, MSAA "Off", FXAA "On", kila chenye "Normal" kiwe "Normal". Mistari ya "Population Density" na "Distance Scaling" ivute karibu na mwanzo, hiyo inamsaidia prosesa. Nyasi zisipande hata hatua moja, kwa sababu milima ya kaskazini ya ramani ndiyo itakayokuumbua. Kipimo cha kumbukumbu kikiwa chekundu na gemu ikakataa kuhifadhi, washa "Ignore Suggested Limits". Ukitoka mjini ukakuta barabara hazichorwi kwa wakati, hiyo ni diski ya kuzunguka; SSD ya SATA inaponya.

PES za zamani, 2017 mathalani, hazina menyu ya maana ndani. Kwenye folda ya gemu kuna Settings.exe, huko ndiko kuna resolusheni na ubora. Gemu hizi zimefunga mwendo wa wachezaji kwenye fremu, kwa hiyo mashine ikishindwa hupati kukwama, unapata wachezaji wanaokimbia kama wako ndani ya maji. Shusha ubora hadi mwendo urudi wa kawaida, hata kama uwanja utaonekana kama karatasi. Mpira wa polepole hauchezeki.

Valorant imeandika Intel HD 4000 kwenye mahitaji yake ya chini kabisa, kwa fremu 30, kwa hiyo HD 520 inaingia bila aibu. Kila ubora "Low", kifungo cha fremu kiwe namba unayoweza kuishika muda wote. Ukiwa Windows 11, gemu inadai vitu viwili vya usalama, TPM 2.0 na Secure Boot, viwe vimewashwa kwenye BIOS, yaani menyu ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Ikikataa kufunguka, anzia huko.

Minecraft ya Java: umbali wa kuona chunki (vipande vya ramani) 6 hadi 8, "Graphics" iwe "Fast", mawingu yazimwe, kisha weka Sodium, nyongeza inayoharakisha uchoraji, kupitia Fabric, programu ya kupakia nyongeza. Kwa RAM ya GB 8 ipe GB 2 au 3. Ukiipa 6 ukidhani unaisaidia, Windows na grafiksi zinabaki na makombo, na kila kitu kinagandia kwenye diski.

Gemu nyingi zilizotengenezwa kwa Unreal Engine zina siri ndogo. Bonyeza Windows na R, andika %localappdata%, ingia folda ya gemu, kisha Saved, Config, WindowsNoEditor, au Windows kwa zile mpya. Fungua GameUserSettings.ini. Mstari wa sg.ResolutionQuality unakubali 70 au hata 60 mahali ambapo menyu haikupi, na sg.ShadowQuality unaweza kuwa 0. Nakili faili kwanza pembeni. Gemu ikirudisha namba zake kila ukiifungua, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, "Properties", weka alama kwenye "Read-only".

Vinavyoleta matatizo

Mbinu ya kubadili "DedicatedSegmentSize" kwenye rejista, inayozunguka sana kwenye video, haiongezi kumbukumbu. Inabadili namba ambayo mashine inaitaja. Gemu inayokataa kufunguka kwa kukagua namba hiyo inaweza kukubali, na faida inaishia hapo. Kama BIOS yako ina sehemu ya kutenga kumbukumbu ya grafiksi, MB 256 au 512 inatosha. Ukitenga GB 2 kwenye mashine ya GB 8 umeinyang'anya Windows, kwa kuwa grafiksi ingejichukulia yenyewe wakati wa kuhitaji.

Usizime faili la kubadilishana la Windows ili "kuharakisha". RAM ikijaa gemu itaanguka bila hata ujumbe. Zima badala yake kurekodi kwa nyuma: "Settings", "Gaming", "Captures". Simamisha pia masasisho na upakuaji wa Steam wakati unacheza, yanakula diski, prosesa na bando kwa pamoja.

Gemu ikikataa kufunguka ikitaja DirectX 12, angalia kizazi. HD 4000 haina hiyo. Kwenye Steam bonyeza gemu kwa kitufe cha kulia, "Properties", na kwenye "Launch Options" andika -dx11, kama gemu ina njia hiyo. Isipokuwa nayo, hiyo gemu si ya mashine hii.

Na ukibadili resolusheni skrini ikawa nyeusi huku sauti inasikika, subiri sekunde 15, nyingi hurudi zenyewe. Isiporudi, bonyeza Alt na Enter ili gemu iingie kwenye dirisha dogo. Hiyo nayo ikigoma, funga gemu kwa Alt na F4, nenda kwenye folda ya mipangilio yake ufute faili la grafiksi tu, kwa GTA V ni settings.xml ndani ya Documents, Rockstar Games, GTA V. Usiguse folda la "Profiles" lililo pembeni yake, humo ndimo hifadhi ya hadithi yako ilimo.